Kufungua si kumaliza: mikusanyiko ya watu na ugonjwa wa Corona, kutoka Philadelphia hadi Goma

Tangu mwaka 2020 swali moja limerudi mara nyingi katika miji na kambi za Kivu: ni kweli kwamba watu wakikusanyika, ugonjwa wa Corona unaongezeka? Na serkali ikiondoa masharti, ikifungua makanisa, shule, masoko na mipaka, ugonjwa unarudi?

Wengine walijibu ndiyo bila kusita. Wengine waliangalia masoko ya Goma na Bukavu yaliyojaa watu kila asubuhi, hawakuona maiti njiani, wakasema Corona ni ugonjwa wa wazungu au ni biashara ya wakubwa. Kwa familia zilizokimbia vita, swali lilikuwa zito zaidi. Mtu anayelala na watoto sita ndani ya hema moja, anayepanga mstari kwenye bomba la maji pamoja na majirani mia moja, ataambiwaje aache mita moja kati yake na mwenzake?

Historia ina jibu, lakini si la neno moja. Mikusanyiko inaongeza maambukizi, hilo limeonekana mara nyingi. Ila si kila mkusanyiko una hatari sawa, na si kila kufungua mji kunaleta ugonjwa siku ile ile. Tena amri ya kufunga inasaidia tu pale raia wanapoiona ni ya haki na wanapoweza kula wakati wa kuitii. Ili kuelewa hayo, inafaa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Gwaride la Philadelphia, mwaka 1918

Mwaka 1918, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokaribia mwisho, homa kali ya mafua ilizunguka dunia nzima. Ilipita katika meli, katika kambi za askari na katika magari ya moshi. Congo ya Wabelgiji haikupona. Ugonjwa uliingia kwa njia ya bandari upande wa magharibi, na kwa njia ya reli upande wa Katanga. Ni katika miaka hiyo ya mauti ndipo Simon Kimbangu, kulingana na masimulizi ya kanisa lake, alisikia mwito wake wa kwanza.

Lakini mfano unaojulikana zaidi kuhusu mikusanyiko unatoka Marekani, katika miji miwili.

Mji wa kwanza ni Philadelphia. Mwezi wa tisa mwaka 1918, wanajeshi wa majini waliokuwa katika kambi ya mji huo walianza kuugua. Waganga kadhaa walimwonya mkubwa wa afya wa mji, Wilmer Krusen, kwamba gwaride kubwa lililopangwa lisifanyike. Gwaride hilo lilikuwa la kuchangisha pesa za vita, na kulisimamisha kungeonekana kama kukosa uzalendo. Wakubwa wakasema ni mafua ya kawaida. Tarehe 28 mwezi wa tisa, watu karibu 200 000 walijipanga barabarani, bega kwa bega, kutazama askari na kupiga makofi.

Siku tatu tu baadaye, vitanda vya hospitali za mji vilikuwa vimejaa. Tarehe 3 mwezi wa kumi, mji ukafunga shule, makanisa na majumba ya michezo, lakini moto ulikuwa umeshashika nyumba. Katika majuma sita watu zaidi ya 12 000 walikufa. Maiti zilikaa nyumbani kwa kukosa majeneza na wachimba makaburi. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua, na Philadelphia iliumbuka mbele ya dunia.

Mji wa pili ni St. Louis. Huko wagonjwa wa kwanza walionekana mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Mkubwa wa afya, muganga Max Starkloff, hakungoja. Tarehe 7 mwezi huo huo mji ukaanza kufunga shule, makanisa, sinema na mikutano ya watu wengi. Wafanyabiashara walilalamika, lakini alisimama imara. Watafiti waliochunguza hesabu za vifo miaka mingi baadaye, mwaka 2007, walikuta kwamba katika juma lililokuwa baya zaidi, Philadelphia ilipoteza watu karibu 257 kwa kila watu 100 000, na St. Louis ilipoteza 31. Ugonjwa ulikuwa ule ule na nchi ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa siku ambayo kila mji ulianza kujilinda.

Kilichotokea waliporuhusiwa

Watu wengi wanaosimulia habari za St. Louis wanaishia hapo. Lakini hadithi yenyewe iliendelea. Katikati ya mwezi wa kumi na moja vita vikaisha, watu wakafurahi, mji ukaanza kufungua. Muda mfupi baadaye wagonjwa wakaongezeka tena, na watoto wengi walikuwa kati yao. Mji ukalazimika kufunga mara ya pili.

San Francisco ilipata somo hilo hilo kwa njia ya barakoa, ile ambayo wengi huku kwetu wanaiita cache-nez. Mwezi wa kumi mwaka 1918 mji uliamuru kila mtu aivae. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja amri ikaondolewa. Ving'ora vikapigwa saa sita mchana, na watu wakavua barakoa na kuzitupa barabarani kwa shangwe. Mwezi wa kumi na mbili wagonjwa wakapanda tena. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1919 amri ya barakoa ikarudishwa, na safari hii watu wengi walikuwa wamechoka na kukasirika.

Watafiti wengine, nao mwaka 2007, walichunguza miji 43 ya Marekani ya wakati ule. Hawakukuta hata mji mmoja ambao ulipata wimbi la pili la mafua wakati masharti ya kwanza yalikuwa bado yanafanya kazi. Wimbi la pili lilikuja pale tu masharti yalipoondolewa.

Masharti hayaui ugonjwa. Yanauzuia, kama mtu anavyozuia mlango kwa mkono. Akiondoa mkono na aliye nje bado yuko pale, mlango utasukumwa. Kwa hiyo siku ya kufungua, swali la maana ni kujua kama ugonjwa umeondoka nje ya mlango au bado unangoja.

Corona na nguvu ya hewa iliyofungwa

Miaka 102 baada ya gwaride la Philadelphia, Corona ilionyesha mambo yale yale, lakini safari hii kwa undani zaidi.

Mwezi wa pili mwaka 2020, Wakristo zaidi ya 2 000 walikutana kwa siku kadhaa katika kanisa moja huko Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Waliimba, wakaomba, wakasalimiana. Wakati huo hakukuwa na amri ya kuwakataza. Wengi walirudi kwao na ugonjwa bila kujua, na eneo hilo likawa kati ya maeneo ya kwanza ya Ufaransa kulemewa. Tarehe 9 mwezi wa tatu, Burkina Faso ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza. Walikuwa mchungaji na mke wake waliokuwa wametoka Mulhouse. Mkutano mmoja katika mji mmoja wa Ulaya ulikuwa umefika Afrika ya magharibi kwa ndege.

Siku iliyofuata, tarehe 10 mwezi wa tatu, mambo mawili yalitokea mbali na kila moja. Kinshasa ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini Congo, msafiri aliyetoka Ufaransa. Na huko Marekani, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, waimbaji 61 wa kwaya walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waimbaji 53 kati yao waliugua, na wawili walikufa.

Kwaya hiyo iliwafundisha waganga jambo kubwa. Waimbaji wengi hawakuwa wamekumbatiana. Walikuwa wamepumua hewa moja ndani ya ukumbi, kwa muda mrefu, huku wakitoa sauti kwa nguvu. Mtu akiimba, akipiga kelele au akiomba kwa sauti, anatoa matone madogo sana ya mate ambayo yanabaki hewani kama moshi wa makala ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Kwa upande mwingine, tarehe 25 mwezi wa tano mwaka 2020, George Floyd aliuawa na polisi huko Minneapolis, na maelfu ya watu wakaandamana katika miji mingi ya Marekani. Wengi waliogopa kwamba maandamano yangeleta mlipuko mkubwa. Watafiti wa uchumi walichunguza miji 315, na katika majuma yaliyofuata hawakuona ongezeko kubwa la wagonjwa lililoletwa na maandamano yenyewe. Sababu zilizotajwa ni hizi: watu walikuwa nje, penye upepo, wengi walivaa barakoa, na wakaaji wengine waliokuwa wakiogopa vurugu walibaki nyumbani siku hizo.

Maandamano hayakuwa salama kabisa kwa sababu hiyo. Lakini ilionekana wazi kwamba neno mkusanyiko ni pana mno. Watu mia mbili kiwanjani kwa nusu saa si sawa na watu sitini ndani ya ukumbi uliofungwa kwa saa mbili na nusu. Maswali matatu yanasaidia kupima hatari: hewa inapita? Watu wako karibu kiasi gani? Na watakaa hapo kwa muda gani?

Kwa nini watu waliona kama hakuna kitu

Raia wengi wa mashariki mwa Congo walisema: tulikwenda kanisani, tulikwenda matangani, hatukuona mtu akianguka. Ushuhuda huo haukuwa uongo. Lakini kuna sababu nne za kuuelewa.

Ya kwanza ni muda. Mtu aliyeambukizwa Corona kwa kawaida anaanza kuugua baada ya siku tano au sita, na mara nyingine hadi siku 14. Anayekufa, mara nyingi anakufa majuma kadhaa baadaye. Kwa hiyo matunda ya mkusanyiko wa Jumapili hayaonekani Jumatatu. Yanaonekana mwezi unaofuata, wakati watu wameshasahau walikutana wapi.

Ya pili ni kwamba Corona haikusambaa sawasawa. Wagonjwa wengi hawakumwambukiza mtu yeyote, lakini wachache waliambukiza wengi kwa mara moja. Ndiyo maana mikutano kumi inaweza kupita bila shida, na wa kumi na moja ukaangusha kwaya nzima.

Ya tatu ni umri. Corona iliua zaidi wazee. Congo ni nchi ya vijana, nusu ya wakaaji wake hawajafika miaka 20. Vijana wengi waliambukizwa bila kulala kitandani, wakapeleka ugonjwa nyumbani kwa bibi na babu.

Ya nne ni vipimo. Mwanzoni, sampuli zote zilipimwa Kinshasa, katika maabara ya INRB inayoongozwa na profesa Jean-Jacques Muyembe. Mtu aliyeugua Masisi au Fizi hakuwa na nafasi kubwa ya kuhesabiwa. Uchunguzi wa damu uliofanywa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita alikuwa ameshapata maambukizi, wakati hesabu rasmi ya mji huo wa mamilioni ya watu ilikuwa elfu chache tu. Ugonjwa ulikuwa umepita katika nyumba nyingi bila kuandikwa.

Congo ilivyofunga na ilivyofungua

Tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 2020, raisi Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura. Mipaka ilifungwa, Kinshasa ikatengwa na majimbo, shule, makanisa na mabaa vikafungwa, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa.

Siku mbili baadaye, gavana wa Kinshasa alitangaza kwamba mji mzima utafungwa, watu wabaki nyumbani. Mara moja wakaaji wakakimbilia masoko, na bei ya vyakula ikaruka. Kesho yake amri hiyo ikaahirishwa. Mwishowe ni mtaa wa Gombe peke yake, penye ofisi na nyumba za wakubwa, uliofungwa kuanzia tarehe 6 mwezi wa nne. Ulifunguliwa kabisa mwishoni mwa mwezi wa sita.

Tukio hilo linastahili kukumbukwa. Amri ya kumzuia mtu asikusanyike ilimfanya akusanyike zaidi, kwa sababu alihofu njaa. Mtu mwenye mshahara na friji anaweza kukaa nyumbani majuma mawili. Mama anayeuza ndizi ili anunue unga wa jioni hawezi hata siku mbili. Huko Goma, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakivuka Petite Barrière kila siku kwenda Gisenyi walipoteza kazi yao mpaka ulipofungwa, na wengi walikula mtaji wao wote.

Hali ya dharura iliisha mwezi wa saba. Kuanzia tarehe 22 mwezi huo, biashara, mikahawa na usafiri vilifunguliwa. Mwezi wa nane ikawa zamu ya shule, kisha makanisa, viwanja vya michezo, viwanja vya ndege na mipaka.

Je, wagonjwa waliongezeka mara moja? Hapana. Wakati hali ya dharura ilipoisha, hesabu rasmi ilikuwa imepita kidogo watu 8 000. Mwishoni mwa mwezi wa kumi ilikuwa imepita 11 000. Yaani ongezeko la karibu 3 000 katika miezi mitatu, jambo ambalo lilionekana kuwapa haki waliosema Corona imeisha.

Lakini mwezi wa kumi na moja hesabu ikaanza kupanda. Mwishoni mwa mwaka ilikuwa imepita 17 000. Katika miezi miwili, Congo iliandika wagonjwa wapya mara mbili ya wale wa miezi mitatu iliyotangulia. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili, serkali ikaweka amri ya kutotembea usiku, couvre-feu, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja asubuhi. Sherehe zikakatazwa na shule zikafungwa hadi tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 2021.

Kufungua kwa mwezi wa saba hakukuwa sawa na kumwaga petroli juu ya moto. Kulikuwa kama kuondoa walinzi kwenye uwanja mkavu. Siku nyingi zilipita bila cheche. Kisha safari za ndege zikarudi, watu wakaacha barakoa, na cheche ilipoanguka hakukuwa na wa kuizima mapema.

Wimbi la tatu lilianzia mbali zaidi. Mwezi wa nne mwaka 2021, India ilifanya mikutano mikubwa ya uchaguzi, na mamilioni ya mahujaji wakaoga pamoja katika mto Ganga kwenye sikukuu ya Kumbh Mela. Wakubwa walikuwa wameshatangaza kwamba vita na Corona vinakaribia kuisha. Aina mpya ya kirusi, Delta, ilikuwa tayari inatembea kati ya watu. Mwanzoni mwa mwezi wa tano nchi hiyo iliandika wagonjwa zaidi ya 400 000 kwa siku moja, na watu walikufa kwa kukosa oksijeni. Mwezi wa sita Delta ilikuwa Kinshasa, hospitali zikalemewa, na serkali ikafunga tena mabaa na majumba ya dansi.

Wakati kukimbia ni lazima

Mashariki, wimbi hilo la tatu lilikutana na moto wa kweli. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilichoma vijiji na nyumba hadi karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Tarehe 27, gavana wa kijeshi, luteni jenerali Constant Ndima, aliamuru wakaaji wa mitaa kumi waondoke mara moja. Watu karibu 400 000 walitoka, wengine kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine Bukavu kwa meli, wengine Rwanda.

Hakuna mtu aliyeweza kuhesabu mita moja siku hiyo. Familia zililala ndani ya makanisa na vyumba vya shule, miguu ya mtoto wa huyu kwenye kichwa cha mtoto wa yule. Ni mkusanyiko ambao hakuna aliyeuomba na ambao hakuna amri ingeweza kuuzuia. Kumwambia mkimbizi kwamba anaeneza ugonjwa kwa sababu amelala kati ya wengine ni kumbebesha kosa lisilo lake.

Kivu ilijua habari hiyo tangu zamani. Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500 000 na 800 000 waliingia Goma kwa siku chache. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50 000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kilichowaua ni kukosa maji safi na vyoo juu ya mawe ya lava yasiyochimbika. Pale maji safi yalipofika kwa wingi, vifo vilishuka, ingawa watu walikuwa bado wamejazana. Kila ugonjwa una njia yake. Kipindupindu kinapita kwa maji na uchafu, Ebola kwa kugusa damu, matapishi na maiti, Corona kwa hewa. Asiyejua njia ya ugonjwa atafunga mlango usiofaa.

Beni na kura iliyokatazwa

Kuna somo moja la mwisho, na linatoka Beni. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018. Ilipoisha, mwezi wa sita mwaka 2020, ilikuwa imewapata watu 3 470, na kati yao 2 287 walikufa. Wakaaji wa Beni na Butembo walijifunza kunawa mikono na kupimwa joto muda mrefu kabla ya Corona.

Lakini tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa raisi, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima. Sababu zilizotolewa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa nje. Raia waliuliza: kama masoko, shule na makanisa viko wazi, kwa nini kituo cha kura tu ndicho kilete ugonjwa? Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Tarehe 30, wakaaji walipanga uchaguzi wao wa mfano: walijipanga mstari, wakanawa mikono, wakaweka karatasi ndani ya sanduku, ili kuonyesha kwamba kukutana kwa uangalifu kunawezekana.

Raisi mpya aliapishwa mwezi wa kwanza mwaka 2019, kabla wao hawajapiga kura yao. Mwaka huo vituo vya matibabu vya Butembo na Katwa vilishambuliwa, kazi ikasimama mara kadhaa, na Ebola ikazidi kuenea. Sababu za mashambulizi hayo zilikuwa nyingi, lakini kuvunjika kwa imani kulikuwa kati yao. Amri ya afya iliyonukia siasa iliharibu hata zile amri zilizokuwa za kweli. Corona ilipofika mwaka uliofuata, wengi walikuwa wameshaamua kutoamini.

Linalobaki

Tarehe 5 mwezi wa tano mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba Corona si tena hali ya dharura ya dunia. Lilisema pia kwamba ugonjwa wenyewe haujaondoka. Congo ilikuwa imeandika wagonjwa wapatao 95 000 na vifo zaidi ya 1 400, na wale ambao hawakupimwa hawamo katika hesabu hiyo.

Basi mikusanyiko inaongeza Corona? Ndiyo, hasa ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa muda mrefu, watu wakiimba na kupaza sauti. Kuondoa masharti kunarudisha ugonjwa? Ndiyo, kama ugonjwa bado uko kati ya watu na watu wakidhani kufungua ni kumaliza. Unaweza kurudi baada ya muda mfupi kama St. Louis, au baada ya miezi mitatu kama Kinshasa.

Kwa familia iliyo kambini, historia hiyo haidai yasiyowezekana. Ibada inaweza kufanywa nje, chini ya mti. Matanga yanaweza kufanywa uani, watu wakija kwa zamu badala ya kulala wote ndani. Mlango wa hema unaweza kuachwa wazi mchana. Mwenye kikohozi anaweza kuvaa barakoa na kukaa mbali na bibi. Hayo hayahitaji pesa nyingi.

Na kwa viongozi, historia inadai zaidi. Siku ugonjwa mwingine wa hewa utakapokuja, na amri ya kufunga itasomwa tena redioni, raia wa Kivu watakuwa na haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutii: Ugonjwa huu unapita njia gani? Amri itaisha lini, na kwa kipimo gani? Na yule anayekula kwa kazi ya siku, atakula nini? Mkubwa anayejibu maswali hayo mapema, kama muganga wa St. Louis alivyotenda mapema, ataokoa watu wengi. Asiyeyajibu atafunga milango, na watu watapita dirishani.